Simu Kwenye Beseni

Redio yetu ya chuo ilikuwa chumba kimoja chenye magodoro makuukuu yaliyopigiliwa ukutani kuzuia kelele za barabara. Mwaka ule tulialikwa kutengeneza kipindi pamoja na wanafunzi wa nchi nyingine, kuhusu haki duniani. Wengine walileta habari za washonaji wa mashati wanaofungiwa kiwandani, wengine za wavuvi waliofukuzwa kwenye pwani yao. Sisi wa Lubumbashi kila mtu alitarajia tulete migodi, kana kwamba hapa hatujui kingine ila kuchimba.

Mhariri wetu, kijana mwenye maringo ambaye babu yake alifanya kazi kwenye reli, jambo ambalo hakuturuhusu kulisahau, aliamua vinginevyo. Alininyooshea kalamu.

"Weye njo uko muntu wa kule Kivu. Tutafanya habari ya vita. Utasoma weye."

Katika kundi lile, wa Kivu ya Kaskazini nilikuwa peke yangu. Nilikuja kusoma, nikakaa kwa baba mdogo, mtaa wa Kampemba, nyuma ya duka lake la jumla, kati ya magunia ya sukari na madumu ya mafuta. Vita vilipofika mji wetu kule Kivu, simu ya mama ilizimika. Siku zikapita. Nililala na simu yangu mkononi, nikaenda nayo hata msalani. Wenzangu waliniuliza, "Na kule, inaendaje?" kisha wakageukia mambo yao kabla sijafungua mdomo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Niliandika habari ile. Nikaweka sentensi moja juu ya mama. Mhariri akaikata.

"Hapa hatusemake 'miye'. Muandishi haiko mu habari."

Ilikuwa kanuni nzuri, nami mwenyewe niliwafundisha hiyo hiyo wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilimchukia hata hivyo. Mahali pa mama yangu nikaandika kwamba familia nyingi zimepoteza mawasiliano na jamaa zao.

Tulikuwa na desturi nyingine. Simu ikikaribia mitambo yetu mikongwe, hata ikiwa imenyamazishwa, ilinguruma hewani, kwa hiyo kabla ya kuingia kila mmoja aliacha yake katika beseni la plastiki mlangoni. Siku ile nilisita. Niliomba niingie na yangu, kwa sababu ya mama.

"Ni dakika kidogo tu," mhariri alisema, akanishikia beseni mwenyewe.

Nikaiweka. Nilisoma vizuri. Sauti haikutetemeka, wala sikujikwaa kwenye majina ya vijiji vyetu, ambayo wengine huyavunjavunja. Walinipigia makofi, wakasema nina sauti ya kazi hii, na mimi nikaona upweke ambao sikuuona hata usiku wa kwanza nilipofika mji huu.

Kwenye beseni nilikuta namba nisiyoijua imenipigia tena na tena. Nikatoka uani, nikaipiga. Akapokea mwanamume.

"Ule mama aliniombaka simu, hapa kwa barabara," alisema. "Alipiga, akarudilia, haukukamata. Balisha kwenda na benzake."

"Wameenda wapi, baba?"

"Sijue. Batu ni bengi."

Hakukata simu.

"Aliacha neno," akasema. "Kama binti yake anapiga, nimuulize kama alikula."

Nikamjibu ndiyo, nimekula. Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Akasema haya, akimwona tena atamwambia.