Maneno ya Yule wa Stesheni

Kwetu Tanga filamu ya Kihindi haikuwa imekamilika mpaka DJ aitie mdomo. Mtu mmoja, na sauti yake ya mafua, ndiye aliyekuwa kijana, msichana, mama mkwe na polisi. Anachokijua anakitafsiri, asichokijua anakijaza mwenyewe, na katikati ya mapenzi anawasalimia rafiki zake wauza chipsi. Sisi hatukujali. Nimelia machozi ya kweli kwa maneno ambayo huenda hakuna Mhindi aliyewahi kuyasema.

Basi nilipofika Durban nikapata kazi ya kusuka kwenye saluni moja pale Point, na nikakuta msusi wa kiti cha pili anazijua filamu zilezile, kwa sauti ileile, nikaona nimepata ndugu. Alikuwa Mkongo wa Uvira, amenizidi kama miaka kumi. CD za ma-DJ wetu zilikuwa zinavuka mpaka zinafika hadi kwao. Nilimwita yaya, kama wanavyomwita dada mkubwa, na haukupita muda tukawa tunakaa chumba kimoja, pazia katikati.

Yaya alikuwa na filamu moja tu moyoni, ya Kitelugu, lugha mojawapo ya Wahindi. Kijana anaondoka kwa treni kwenda kutafuta kazi, msichana wake anakwenda stesheni kila jioni na chakula chake mkononi. Mwisho kabisa kijana anaonekana amesimama ng'ambo ya reli, na DJ anamsemea: "Nimerudi, mke wangu. Nilichelewa tu." Yaya aliiangalia na mume wake, wamebanana kwenye benchi kwenye kibanda cha video. "Bwana yangu alinifinya hapa," alikuwa ananionyesha, mkono uleule kila mara. Vita ilipowafukuza, yeye akapandishwa lori la kwanza na mume akabaki kusubiri la pili. Alimwambia vilevile: atachelewa tu.

Lori la pili lilitumbukia mtoni. Miili mingine haikuonekana, na wa kwake haukuonekana. Ikapita miaka minne. Kila mwaka shemeji yake alipiga simu kuomba wakae matanga wamalize, maana bila neno la mke hawawezi. Kila mwaka yaya alijibu, "Maiti iko wapi? Munionyeshe kwanza." Hakunyoa nywele kama desturi yao inavyotaka mjane anyoe. Alisuka mpya kila mwezi, na mimi ndiye niliyemsuka, ili mume akitokea amkute mzuri.

Mimi naye, mtu wa kuota ndoto, nilikuwa upande wake. Nilimwambia nimeshaona watu wengi tu waliodhaniwa wamekufa wakarudi. Sikuwa nimemwona hata mmoja.

Siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia nikaamua nimtafutie ile filamu. Duka la viungo jirani na saluni lilikuwa la anti mmoja wa Chatsworth, Mhindi ambaye bibi yake alikuwa akiongea Kitelugu. Jina la filamu sikulijua, nikamweleza kwa mikono na Kiingereza changu cha kuokoteza: treni, chakula, reli. Akaelewa haraka. Baada ya wiki akaniletea flash.

"Ya Kitelugu sikuipata," akasema. "Hii ni ya Kimarathi. Waliipenda hadithi wakaitengeneza upya kwa lugha yao. Sura ni nyingine, mambo ni yaleyale, mpaka stesheni." Akaniwekea na pakiti ya tishu juu yake. "Mtazihitaji."

Nilicheka. Filamu gani ya mapenzi haitaki tishu?

Jumapili, yaya aliporudi kutoka kanisani, tukaweka laptop kitandani, kioo chake tumekiegemeza kwenye kopo la mafuta ya nywele. DJ hakuwemo. Chini yalipita maandishi ya Kiingereza, na Kiingereza cha yaya kilikuwa cha saluni tu, kaa hapa, inamisha kichwa. Shule yangu niliishia kidato cha pili, lakini kusoma najua, nikisimamisha-simamisha. Nikawa DJ.

"Huyu binti mwembamba sana," yaya akalalamika. "Wa kwetu alikuwa na mashavu."

"Huyu anafunga kula, yaya. Ana mawazo."

"Na weye DJ gani, hausalimie watu?"

"Nawasalimia wasusi wote wa Point, hasa wale wanaoazima kitana changu hawarudishi."

Akanipiga na mto. Tulikuwa na raha kweli.

Kisha mama wa kijana akaletewa mfuko. Pale DJ wetu alisema kijana ametuma zawadi, nakumbuka vizuri. Maandishi yakasema: hiki tu ndicho walichokipata. Ndani kulikuwa na shati. Nikayasoma kimoyomoyo, nikasema, "Ametuma zawadi."

Tukafika stesheni. Kijana amesimama ng'ambo ya reli, shati lilelile. Chini hapakuandikwa kitu.

"Mbona hasemi?"

Nikavuta pumzi, nikatoa ile sauti ya mafua. "Nimerudi, mke wangu..."

"Mdomo yake haifunguke."

Mama akaja akamshika binti bega. Hapo yakaandikwa.

"Anamuambia nini?"

"Yaya, tuachie hapa, nikapike chai."

"Soma ile iko imeandikwa. Usiongeze."

Nikasoma. "Mwanangu, unaongea na nani? Hapo hakuna mtu."

Akaniambia nirudishe nyuma, kwenye mfuko. Nikamsomea na yale. Akaushika mkono wake pale pa siku zote.

"Kumbe tulifurahia maneno ya muuza CD," akasema.

Akachukua simu, akampigia shemeji. Hakusalimia. "Mukae matanga," akamwambia, akakata. Mimi nikaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Jumatatu tulifungua saluni mapema. Hakukaa kwenye kiti chake, alikaa kwenye changu. Nikafumua misuko niliyomsuka wiki iliyotangulia, mmoja mmoja, halafu nikashika mashine ya kunyolea. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, yote ya kubuni, nikafunga mdomo. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani.

Nilikuwa bado nafagia nywele zake mteja alipochungulia mlangoni akauliza kama tumeshafungua.

"Ingia, mama, kaa," yaya akamwambia. Akapangusa shingo kwa taulo, akachukua kitana changu, akaanza kumchambua nywele.