Wimbo Aliotungiwa Yezina

Yezina alikuwa na desturi moja iliyowachekesha wenzake katika nyumba ya ngoma ya Mama Etagu, juu ya soko la Gondar. Mgeni wa taifa jingine akiingia, kabla ya kumwimbia, alimtaka mgeni mwenyewe aimbe kwanza. Hakutaka wimbo wowote tu, alitaka ule anaoupenda kuliko zote za kwao. Wageni walicheka, wakaona haya, mwishowe wakaimba. Yezina alisikiliza amefumba macho, kisha akamrudishia mwenyewe wimbo wake, kila pindo la sauti mahali pake, na maneno asiyoyaelewa yakimtoka kana kwamba kazaliwa nayo.

Hivyo ndivyo alivyoikusanya dunia kichwani. Alikuwa na nyimbo za harusi za Wasudani, alizopewa na wachuuzi wa ufuta wanaopitia mpakani Metema. Alikuwa na wimbo wa kubembeleza mtoto aliofundishwa na Mwarmenia, fundi wa saa, na nyimbo nne za sinema za Kihindi, na mmoja wa Kongo alioachiwa na padri aliyeipenda pombe yetu ya asali kuliko inavyompasa padri. Ukimuuliza maana yake, hajui. Alisema wimbo uliopendwa na mtu hauwezi kukosa wema ndani yake. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, kakulia kwenye nyumba ya ulevi, na bado anaamini hayo.

Mumewe Belachew ndiye aliyempigia zeze. Yezina alikuwa na mwanafunzi, Simegn, msichana aliyemchukua kijijini akiwa na miaka kumi na miwili, akamfundisha kuimba, akamsuka nywele, akamlaza kitanda cha pili chumbani mwao. Miaka minane alimlea hivyo. Yezina hakujaliwa mtoto, na jambo hilo halikutajwa katika nyumba ile, maana Mama Etagu alikwisha kumtoa mtu nje kwa kulitaja.

Basi ikaja habari kwamba wageni kutoka Ulaya wanatafuta waimbaji wawili, mmoja wa sauti na mmoja wa zeze, wa kuzunguka nao nchi kumi na moja. Yezina hakulala. Aliwaambia majirani atakwenda kuzisikia nyimbo zake kwa wenyewe, na safari hii atauliza maana ya kila moja. Alinunua viatu. Belachew naye kila asubuhi alikaa uani akipiga sauti mpya, tamu ajabu, ya kukupandisha machozi bila sababu. Mkewe alipomuuliza ni wimbo gani, alimjibu bila kuinua uso.

"Ninakutungia wewe. Subiri siku yake."

Yezina alifurahi kama bibi harusi. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo ikikuwasha unaona ni jasho tu.

Wageni walifika Jumapili mchana, watatu, pamoja na mkalimani wao. Mkubwa wao alikuwa mzee mrefu mwenye mashine ya kunasa sauti. Yezina alivaa gauni jeupe la tarizi, akamsogelea, na kama desturi yake akamtaka aimbe kwanza. Mzee alishangaa, kisha akaimba kitu kifupi cha kitoto. Yezina akamrudishia papo hapo. Akaongeza wa Kisudani. Akaongeza wa Mwarmenia. Wageni walipiga makofi ya heshima, yale yasiyo na joto, na yule mzee akamnong'oneza mkalimani.

"Anasema nyimbo za kwao kaziacha kwao, tena nyingi," mkalimani alieleza. "Hakupanda ndege kuja kuzifuata hapa. Anataka za kwenu."

Yezina akaanza ule wa Gondar, aliofundishwa na mama yake, na aliuimba vizuri kuliko zote zilizotangulia. Mzee alikuwa kainama anageuza kaseti. Alipoinuka, wimbo ulikuwa umekwisha.

Ndipo Simegn aliposhuka jukwaani akaenda kuketi kwenye benchi la wageni.

Katika nyumba zetu, mwimbaji ana mdomo wa kukodi. Aliyeketi kwenye benchi lile akimtupia ubeti, hata uwe wa kumsimanga mama yake mzazi, sharti auimbe neno kwa neno, na lawama si yake. Naye aliyesimangwa sharti acheke, ainuke, alambe noti na kumbandika mwimbaji kwenye paji la uso. Ukinuna umeshindwa, na mji mzima utakuimba mpaka uhame. Na ukiketi pale wewe ni mgeni, hata kama asubuhi ulifagia sakafu.

Simegn akamtupia Belachew ubeti, akimtazama Yezina usoni:

*Kooni mwake wageni, kila taifa lapanga;*
*Tumboni mwake jamani, hakuna aliyepanga.*

Mama Etagu aliweka birika chini. Angeweza Belachew kujifanya uzi wa zeze umekatika. Wapigaji wengi wamefanya hivyo kuokoa nyumba zao. Akavuta upinde. Na sauti iliyotoka ni ile ile ya uani, ile ya kila asubuhi, na ubeti ukaingia ndani yake bila silabi moja kupwaya. Ilikuwa imepimwa na kukatwa zamani. Yezina alielewa palepale kwamba mumewe hakumdanganya: kweli alikuwa akimtungia yeye.

Simegn akaitikia kutoka benchini, sauti juu ya sauti, kwa mapindo aliyofundishwa na mwenyewe anayesimangwa. Mzee wa Ulaya machozi yalimtiririka. Hakuelewa hata neno moja. Akamwambia mkalimani aulize ni wimbo wa nini, na mkalimani, mtu wa kwetu, alikohoa akasema ni wimbo wa mapenzi, wa mtu aliyempoteza mpenzi wake.

Watu wote walikuwa wakimtazama Yezina. Aliinuka. Alicheka, tena meno yakaonekana. Alilamba noti ya birr kumi, akambandika mumewe kwenye paji la uso, akaishikilia kidogo kwa kidole gumba isidondoke. Taa ya kamera ya wageni ikawaka.

Wawili waliochaguliwa hakuna haja ya kuwataja. Waliondoka baada ya wiki tatu na hawakurudi. Simegn alikwenda amevaa vile viatu vipya, kwa kuwa Yezina alimwachia mwenyewe, akisema havimtoshi. Baadaye zikaja habari kwamba wamepata mtoto huko. Kisha ikaja kaseti, Mama Etagu akaificha, na mlevi mmoja akaifichua. Juu yake palikuwa na picha ya Belachew kafumba macho, noti usoni, na mkono wa mwanamke. Mkono tu.

Yezina alibaki palepale, na desturi yake hakuiacha. Watu walimwambia aiache, akasema ndicho kitu pekee alichonacho.

Mwaka wa sita akaja msichana Mjapani, peke yake, na begi mgongoni. Yezina akamkaribisha, akamtaka aimbe anaoupenda kuliko zote. Msichana akafikiri, akasema kwa ishara kwamba si wa kwao, bali ndio uliomtoa kwao mpaka huku. Akaweka mkono kifuani, akafumba macho, akaimba:

*Kooni mwake wageni, kila taifa lapanga...*

Aliuimba wote, kwa upendo, maneno asiyoyaelewa yakimtoka mazuri kweli. Benchini mtu mmoja alicheka, wengine wakatazama vikombe vyao. Mama Etagu alitaka kumnyamazisha, Yezina akamzuia kwa kiganja. Pale pale nyimbo zake zote zilimpita kichwani, wa padri, wa fundi wa saa, na zile za harusi, na kwa mara ya kwanza akaziogopa.

Msichana alipomaliza alimtazama kwa hamu, akingoja kurudishiwa wimbo wake, maana alikwisha kusikia sifa za mama huyu wa Gondar.

"Umeimba vizuri, mwanangu," Yezina alimwambia. "Ila neno moja umelikosea. Sema *tumboni*. Tumboni mwake."

Msichana akarudia mpaka likakaa sawa. Kisha Yezina akamrudishia wimbo wote, kila pindo mahali pake.