Boga Lililonyooshewa Kidole

Juzi sokoni mteja alinyooshea maboga kidole, nikacheka peke yangu. Kwetu Mgeta, enzi za Mjerumani, nikiwa mtoto, boga likiwa bustanini lilionyeshwa kwa ngumi. Ukilinyooshea kidole, linaoza. Siku moja askari aliyenuka mafuta ya bunduki akalinyooshea kidole boga la bibi yangu, kubwa kama nyumba.

"Bibi, hili la Bwana Mkubwa!"

"Ole wako, mwanangu, umeshaliozesha! Haya, mpelekee. Akiharisha, nitasema ni kidole chako."

Askari akakificha kidole mfukoni, akateremka mlima bila kuaga. Mimi nikaangua kilio, nikaenda kulichimbia boga kaburi. Harufu tamu ya marehemu akichemka chunguni ikanifuata hukohuko.

"Bibi, kaburi tayari!"

Bibi akajibu, mdomo umejaa: "Lete bakuli, tulizike tumboni."