Yote Waliyojifunza kwa Asmahani

Asmahani alizaliwa na virusi vya UKIMWI. Shuleni kwetu Kasulu tuliolijua hilo tulikuwa wawili tu: mkuu wa shule na mimi, mwalimu na matroni wa bweni la wasichana. Dawa aliimeza alfajiri wenzake wakiwa bombani, na kichupa alikijaza pamba ili vidonge visisikike. Alikuwa kidato cha tatu, na kati ya waelimishaji rika wote hakuna aliyesikilizwa kama yeye.

Kila Alhamisi baada ya vipindi alisimama mbele ya darasa.

"Dada Asma, mimi mwenye virusi namjua kwa macho," Abbasi alimchokoza siku moja. "Anakonda, shingo inabaki mishipa."

"Basi tuanze kukupima wewe. Shingo hiyo hata kola imeikataa."

Walicheka mpaka wakagonga madawati. Kisha akawaeleza taratibu kwamba hakuna macho yanayopima damu.

Niliwahi kumuuliza kwa nini alijitwika kazi ile.

"Siku wakinijua, Mwalimu, nataka wawe wameshaelewa."

Mwezi Juni siku yake ya kliniki ilinikuta niko msibani Buhigwe. Ruhusa alipewa na mwalimu wa zamu, Pasikali, kijana mgeni aliyekuwa ametoka kukaripiwa kwa kumwandikia kila anayetoka "shida za kifamilia". Safari hii alidai kadi ya kliniki, akaisoma, akajaza daftari la ruhusa kikamilifu: jina, saa, na kwenye safu ya sababu, dawa za kufubaza virusi. Daftari lile hupelekwa getini na kiranja. Kiranja alikuwa Firdausi, aliyelala kitanda cha juu ya kile cha Asmahani.

Niliporudi nilikuta kitanda cha juu kitupu. Firdausi alikuwa amehamia kwa mwenzake, wanabanana wawili kwenye godoro moja. Hakuna aliyemtukana Asmahani. Ndoo yake tu ilikuwa imepakwa rangi ya kucha, isichanganywe na nyingine.

Alhamisi alisimama kama kawaida. Abbasi aliinamia dawati, hakuchokoza mtu.

"Virusi vinaambukizwa kwa kulala chumba kimoja?" Asmahani aliuliza.

"Hapana!"

"Kwa ndoo?"

"Hapana!" Sauti ya Firdausi nayo ilikuwemo.

"Sasa mbona umehama, Firdausi?"

"Naelewa, Asma. Ulitufundisha vizuri. Ila naogopa tu."

Jioni ile nilizungumza na wasichana bwenini. Walinijibu "Ndiyo, Mwalimu" kwa heshima zote, na hakuna godoro lililorudi mahali pake.

"Wape muda, mwanangu," nilimwambia Asmahani.

"Nimewapa miaka miwili, Mwalimu. Wanayajua yote. Sina kingine cha kuwafundisha."

Jumamosi shangazi yake, Zuleha, alikuja kutoka Kibondo kumchukua. Aliniamkia, akajitwika sanduku kichwani akatangulia. Kulikuwa na baridi, ukungu haujapanda. Mimi na Asmahani tulibeba godoro, kila mmoja upande wake. Wasichana waliokuwa wakifua nguo uani waliinuka kutupisha njia, wakasogea mbali kuliko godoro lilivyohitaji.