Nililiandika upya daftari la wafungwa, likawa safi mno

Wakuu, salamu kwenu. Hili nimelibeba miaka mingi na sitaliremba. Mkinicheka mtakuwa na haki, mwenyewe nimeshajicheka sana.

Ilikuwa wakati wa vita vya ukombozi, enzi za Mreno, kwenye posto moja, yaani kituo cha serikali, huku ghuba ya Tungue. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, karani wa posto.

Shule sikuingia hata siku moja. Kireno nilijifunza kwa kunakili maandishi ya makopo ya sardini na magunia ya unga. Kwa hiyo nilikuwa na hofu muda wote kwamba itagundulika sikusoma. Tone la wino likidondoka kwenye karatasi, sili siku hiyo.

(Hata barua ya posa nilipiga mistari kwa rula. Nikakataliwa.)

Kazi yangu ilikuwa daftari la wafungwa. Mtu akiingia selo, naandika jina. Akiondolewa, jina nalikata kwa mstari, na pembeni naandika kapelekwa wapi. Vita vilikuwa vimepamba moto, daftari likajaa mistari. Nikilitazama natamani kulificha.

Siku moja shefe wa posto, mkuu wetu Mreno, akaniambia mkaguzi anakuja, daftari liandikwe upya, liwe safi.

Wakuu, nilifurahi kama nimeambiwa nioe.

Nilifanya kazi siku tatu. Nakala mbili za kwanza nilizichana, kila moja kwa sababu ya herufi moja. Ya tatu ilitoka kama imechapwa kiwandani.

Majina yaliyopigwa mstari sikuyaandika. Nilijiambia hao wameshaondoka, ya nini kuchafua ukurasa? Daftari la zamani nikalitia motoni kwa mkono wangu.

Mkaguzi akasifu mwandiko. Nilitembea wiki nzima nimevimba kama samaki bunju.

Sasa, kulikuwa na mwanamke anaitwa Anchia. Mumewe, Amade, seremala, alikamatwa kwa tuhuma za kuwapelekea chakula wapiganaji wa msituni.

Kawaida wake wa wafungwa walileta chakula asubuhi. Sipai, yaani askari mweusi wa Mreno, alipokea mlangoni, na jioni bakuli lilirudi. Likirudi tupu, mke anajua mumewe yu hai.

Anchia alileta kila siku. Amade alikuwa ameshaondolewa tangu mwezi mzima nyuma.

Masipai walikuwa wanakula. Na mimi nilikuwa nakula. Hapa naandika polepole.

Asubuhi moja akaingia ofisini bila hodi, shefe yupo mezani kwake. Kwa umri alikuwa kama dada yangu mkubwa, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Amade hali pweza," alisema. "Akila midomo inavimba. Juzi nimeleta pweza wa nazi, bakuli limerudi jeupe. Nani kala, mdogo wangu?"

Rojo la pweza yule nilikuwa nimelifuta kwa kipande cha muhogo mpaka bakuli likang'aa. Hata kula nakula kwa unadhifu.

Na mkalimani wa shefe ni nani? Mimi. Habari ya pweza nikaiacha, nikatafsiri tu kwamba anamtafuta mumewe. Shefe akafungua daftari langu zuri, akapitisha kidole, akalifunga. Akasema mtu huyo hakuwahi kufungwa hapa, na kitabu kilichoandikwa vizuri namna hii hakina kosa.

Maneno hayo ikabidi yatoke kinywani mwangu.

Anchia aliniangalia, akatoka.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mstari ule niliotamani kuuficha ndio ulikuwa ushahidi pekee kwamba Amade alipita mikononi mwetu. Sasa ulibaki kichwani mwangu tu.

Nikamkimbilia njiani, nikijua nikionekana na mimi naingia selo. Nikamwambia Amade alipelekwa gereza la kusini, kwa meli, yeye na wenzake sita. Nikamwambia na chakula nani alikula.

Kisha akasema, "Andika."

Kalamu na karatasi havikunitoka mfukoni; niliandikia gotini, nani kapelekwa wapi. Wino ukamwagika, jina la Amade likakatika katikati, nikalirudia juu yake. Akaikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Vita vilipoisha alisafiri nayo mpaka gereza lile. Walitaka kumwambia hawamjui mtu huyo, akawatolea karatasi. Wakatafuta. Amade alikuwa amefia humo. Wakamwonyesha kaburi, akarudi nyumbani akakaa eda yake.

Nilikwenda kumpa pole. Nikaiona karatasi imechakaa, madoa kila mahali, na tabia yangu mnaijua. Nikamwomba anipe niiandike upya, ya kuweka.

"Hii iache hivyo hivyo, karani," alisema. "Safi ulishaandika."

Tangu siku hiyo nikiona kitabu cha kituo cha polisi au gereza hakina hata mstari mmoja, siwezi kukisifu. Nauliza waliofutwa wako wapi.

Mliomuulizia ndugu yenu kituoni mkajibiwa "hayumo", semeni hapa ilikuwaje. Na wa kunitukana kwa ajili ya pweza, nitawasoma wote.