Niliwavalisha watoto nguo nyeupe kumpokea babu wa Kichina: kisa changu cha Nchelenge, miaka ya hamsini

Wakuu wa jukwaa, nawasalimu. Na nyie mnaosoma kimya kimya bila kuchangia, nawasalimu pia.

Nianze na ujinga wangu. Nikiwa na miaka ishirini, nimesoma hadi Form Two na kichwa kimevimba kwa hilo, niliwapanga watoto ufukweni wamevaa nyeupe kumpokea mzee wa Kichina. Nusura afe kwa mshtuko ndani ya boti.

Yote ni kweli. Nikiongeza chumvi, simu hii ya mjukuu wangu izimike mkononi.

Kwetu Nchelenge ni kando ya ziwa, ng'ambo ni Congo. Vijana wenzangu walikuwa Copperbelt wakichimba shaba, au kisiwani Chisenga wakivua. Mimi shimo naliogopa na boti inanitapisha, kwa hiyo nilibaki kwa mama. Kazi yangu rasmi ilikuwa kukaa verandani.

Jirani yetu alikuwa fundi wa injini za boti, Mchina aliyetokea Beira. Binti yao aliitwa Mui, miaka minne, kwa hiyo mkewe tulimwita Bana Mui, kama kila mama kwetu anavyoitwa kwa jina la mwanawe.

Mui aliongea Kibemba kama sisi, na Kiswahili cha kuuzia samaki alikuwa nacho. Lugha ya mama yake alikataa kabisa. Akisemeshwa, anajibu Kibemba na kukimbilia wenzake.

Siku moja Bana Mui akaja na barua mkononi, macho mekundu.

"Ni ya baba yangu," akasema. "Anakuja. Anasema mutoto asipojua luga yetu, atamubeba Beira, badada yangu bamulee."

Nikamuuliza: na Mui mwenyewe anasemaje?

"Anasema hakuna mutu hapa anasema vile. Na ni kweli. Basi mi nitatengeneza batu. Unipe veranda."

Nikampa. Sikuwa na matumizi mengine nayo.

Ndivyo tulivyoanza, wakuu. Watoto kumi wa jirani na Mui wa kumi na moja, kila mchana jua likilegea. Mimi nikawa msaidizi: kazi yangu kutafsiri na kufukuza kuku.

Sijui niielezeje ile miezi. Ziwa lilikuwa jeupe kama maziwa, na kisiwa cha Kilwa (yetu ya ziwani, si ile ya pwani) kikielea kwa mbali kama kitu ambacho mtu amekiota. Bana Mui alikuwa akiwashusha watoto hadi kwenye mchanga mbichi, anachora maandishi ya kwao kwa tete. Mistari miwili, mtu. Mitatu imesimama, mlima. Kisanduku, mdomo.

Wimbi dogo linakuja, linafuta mtu na mlima na mdomo.

Watoto wanachora tena. Hakuna aliyelalamika. Mimi nilikuwa nimekaa hapo nasikia sauti zao zikipanda na kushuka, nasinzia, naamka, bado zinapanda na kushuka.

(Form Two yangu haikunisaidia kitu. Ile lugha ina sauti za juu na chini, na watoto wa Kibemba walizishika kama wimbo. Mimi nikijaribu, mtoto wa miaka mitano ananishika kidevu na kunirekebisha.)

Akawafundisha na adabu ya mezani. Kwao mtoto hagusi chakula kabla hajamkaribisha kila mkubwa kwa cheo chake. Babu mzaa mama ni agung. "Agung, sik faan," yaani babu, kula. Baba ni baba, mama ni mama, hapo hatukuwa na kazi.

Basi jioni kila nyumba utasikia "sik faan" kabla mkono haujafika kwenye ubwali, ugali wetu. Wazee walipenda mno.

Na Mui? Mui alipoona wenzake wanasema vile, akafungua mdomo. Neno moja moja, kwa kunong'ona. Mama yake alikuwa akigeuka upande ili asionekane anafuta machozi.

Siku ikafika. Bana Mui na mumewe wakachukua boti kwenda Kasenga, upande wa Congo, kumpokea mzee, Mui akabaki kwa mama yangu. Kabla ya kuondoka Bana Mui aliniachia vitambaa vyekundu, kila mtoto afungwe kimoja siku ya mapokezi.

Hapo akaingia Bana Chola, mkausha samaki, mzaliwa wa ng'ambo upande wa Congo. Akanirudishia kitambaa.

"Hii ni rangi ya bang'anga. Mutoto yangu hatavala." (Bang'anga ni waganga.)

Mama wengine wakasimama nyuma yake. Wote wakanitazama mimi, msomi.

Nikaamua: nyeupe. Nguo za kanisani. Nani amewahi kuchukia nguo za Pasaka?

Tena nikaongeza ubunifu. Nikamficha Mui nyuma ya mstari, awe surprise.

Boti ikatokea. Nikawaambia watoto wasimame wima, kimya. Ikakaribia, halafu injini ikazimika ghafla. Mzee akasimama, boti ikalala upande. Sauti ya mwanamke ikaja juu ya maji.

Bana Chola akanigeukia. "Weye! Hiki ni kilio cha musiba!"

Kwao, wakuu, nyekundu ndiyo ya furaha, nyeupe ni ya kuzika. Bana Mui aliona watoto wote wamevaa msiba, na wa kwake hayumo.

Aliyefanya kitu ni Mui. Alipenya katikati ya miguu ya wenzake, akakimbia hadi maji yakamfika kifuani, akaita neno pekee alilokuwa na uhakika nalo:

"Agung, sik faan!"

Babu, kula. Pale majini, bila hata punje ya chakula.

Mzee alishuka na viatu vyake. Alimbeba akirudia kitu kimoja, na Bana Mui baadaye akanitafsiria: "Nakula, nakula."

Akaniambia pia kwamba kule kwenye boti baba yake, alipoona nyeupe, alisema kwa sauti: Mui akiwa hai, akae popote anapotaka. Alikaa wiki mbili, watoto wakimkaribisha kila mlo. Akaondoka peke yake.

Funzo langu: ukimwandalia mgeni furaha, mwulize mwenyewe furaha yake ina rangi gani. Aliyewahi kuharibu mapokezi kama mimi aandike hapa chini, nisiwe peke yangu.

Nami kwa wiki nzima nilitembea nikijisifu kwamba bila nguo zangu nyeupe mzee asingetamka yale maneno, na Mui angeondoka. Hadi Bana Chola akanikatiza, samaki mkononi:

"Nyamaza, kijana. Ile mutoto alibaki kwa mama yake sababu alikimbia. Weye ulibaki kwa mama yako sababu uko muvivu."