Ekari ya Hosiana

Hosiana ni mke wa marehemu kaka yangu, Mikaeli. Namsemea hapa kwa sababu mimi nina mdomo, yeye hana. Ni mzee wa kanisa mwaka wa kumi na nne huu. Kuku wa mtu akiingia kwake, atapita nyumba hadi nyumba akimtafuta mwenyewe.

Yeye na kaka walikuwa na ekari moja mtaani kwetu Mahongole, kandokando ya barabara. Walilima viazi, wakiishi chumba cha kupanga mjini Makambako, na nia yao ilikuwa wajenge hapo wahamie.

Siku moja likapita gari la matangazo. Eti mtaa wetu unaingia kwenye mpango wa mji, kwa hiyo marufuku kujenga, marufuku kuzika, hadi mchoro utoke. Miezi mitatu tu, walisema. Thubutu! Tulikaa miaka sita.

Sisi wengine tulijenga mbiombio. Mimi nilisimamisha vyumba viwili kwa wiki tatu, tofali mbichi na bati za kuazima. Nikamwambia Mikaeli, "Kaka, chimba hata msingi."

Hosiana ndiye aliyenijibu. "Shemeji Lameki, tumeambiwa tungoje. Kwa nini tuanze maisha kwa kudanganya?"

Mwaka wa tatu kaka akafariki. Kwetu Wabena mtu huzikwa kwake, na tulikuwa tumeshashika majembe. Hosiana akatuzuia. Tangazo limekataza, akasema, na yeye hataki mume wake aje afukuliwe. Tulimtukana. Mimi nilimtukana kuliko wote, tena kwa Kibena ili aumie vizuri. Hakutetereka. Mikaeli akazikwa makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowajua.

Mwaka jana mchoro ukabandikwa ofisi ya mtaa. Vyumba vyangu vya ukaidi vimepewa namba, kiwanja halali kabisa. Ekari ya Hosiana imepakwa kijani yote: eneo la wazi, la watu wote. Nilidhani nimesoma vibaya.

Tukamfuata mpimaji. Alikuwa mtu mpole, hilo siwezi kumnyima.

"Mama, mji lazima uwe na eneo la wazi," akasema, "na mtaa mzima ni kwako tu hapajajengwa. Wengine tungewabomolea vipi? Hata kaburi moja lingekuwepo, tungepakwepa."

Mungu anisamehe, nilitamani kumnasa kibao. Hosiana akauliza habari ya fidia, akaambiwa faili linashughulikiwa. Akasema, "Asante, baba." Asante! Njiani akakaa chini pembeni ya barabara, na kitenge chake cha kanisani, akalia kwa sauti mbele za watu.

Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Hosiana kavumilia, mbivu tumekula sisi. Hilo eneo la wazi lenyewe leo ni jalala, na bodaboda wanaegesha hapo.

Jumapili iliyopita alikuja kwangu akitoka ibadani. Hakutaka hata chai.

"Shemeji, siombi pa kujenga," akasema. "Siku yangu ikifika mnizike hapa kwako, upande huu unaoangalia shamba letu. Na Mikaeli mumlete alale na mimi. Ila safari hii tusimwulize mtu yeyote."

Nikatazama uwanja wangu. Nikatazama bikoni za mpaka walizonipigia kwenye kona. Hati yangu inakaribia kutoka, na kwenye viwanja vya mji hawaruhusu kaburi. Mimi huyu, niliyejenga bila kumwuliza hata balozi wa nyumba kumi, nikajisikia nikisema, "Shemeji, hapa pameshapimwa. Labda tuulize kwanza."

Hosiana hakunitukana. Alijifunga kitenge vizuri, akaniaga kwa heshima zote, akaondoka kwa miguu kurudi mjini. Bora angenitukana.